WIMBO WA NANI? LUGHA YA MAKUBALIANO YA KAZI ZA SANAA MJINI GOMA

1.0 Utangulizi

Katindo ni mtaa wa Goma unaojulikana zaidi kwa kambi yake ya jeshi na hospitali ya kijeshi kuliko kwa sanaa. Hata hivyo, kama ilivyo katika mitaa mingine ya mji huo, humo hupatikana wachoraji wa vibao na kuta, wapiga picha za arusi, waimbaji wa rapu na wa kwaya, na vijana wenye kompyuta moja na kipaza sauti kimoja ambao chumba chao hukiita studio. Wengi wao hawana mwajiri. Huishi kwa kazi wanazoagizwa moja moja: leo kibao cha duka, kesho wimbo wa kuhimiza kunawa mikono, keshokutwa picha za semina. Anayeagiza ndiye hupanga muda, ujumbe na malipo, na mara nyingi ndiye huja na karatasi ya kutiwa sahihi.

Yamesemwa mengi kuhusu udogo wa malipo hayo. Makala haya hayapingi malalamiko hayo, lakini yanadai kwamba bei siyo mahali pa kwanza ambapo msanii hupoteza. Hupoteza kabla bei haijatajwa, katika maneno yanayotumiwa kuitaja kazi yake. Dai linalotetewa hapa ni kwamba kitenzi cha kuuza na kihusishi -a cha umilikaji hufunika pamoja mambo matatu ambayo msanii hana budi kuyatenganisha ili ailinde kazi yake: utungaji wa kazi, umilikaji wa kitu kilichotengenezwa, na haki ya kuitumia kazi hiyo tena. Ili kulithibitisha dai hilo, yataangaliwa kwanza mazingira ya sanaa ya kuagizwa mjini Goma, kisha maneno yenyewe, kisha filamu moja na kitabu kimoja vilivyoigusa Kivu ya Kaskazini, na mwisho nyimbo na picha chache ambazo historia yake inafahamika.

2.0 Soko la sanaa ya kuagizwa

Sanaa ya kuagizwa haikuanza jana mjini Goma, lakini ukubwa wake una tarehe. Mwezi Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, wanaokadiriwa kuwa kati ya laki nane na milioni moja, waliingia Goma na vitongoji vyake katika muda wa siku chache. Nyuma yao yalikuja mashirika ya misaada. Baadaye ilikuja misheni ya Umoja wa Mataifa, iliyoitwa MONUC tangu mwaka 1999 na MONUSCO tangu mwaka 2010. Mlima Nyiragongo ulilipuka tarehe 17 Januari 2002 na kuiteketeza sehemu kubwa ya mji, ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 jimbo lilikabiliwa na Ebola. Kila janga lilizaa ujumbe, na kila ujumbe ulihitaji mtu wa kuuimba, kuuchora au kuuigiza kwa Kiswahili ambacho watu wa sokoni wangekielewa. Hivyo ndivyo msanii wa mtaani alivyogeuka kuwa mhudumu wa ofisi bila kuwa mwajiriwa wake.

Masharti ambayo msanii wa namna hii hupewa yanaweza kupangwa katika makundi manne. La kwanza ni malipo ya mara moja kwa haki zote: kiasi fulani cha fedha hutolewa, na karatasi husema kwamba kazi pamoja na matumizi yake yote, popote na milele, ni mali ya mwagizaji. La pili ni kazi bila malipo kwa ahadi ya kujulikana, ambayo katika lugha ya ofisi za Goma huitwa vizibilite. La tatu ni mashindano: wasanii kumi huleta michoro kumi, mmoja hupewa zawadi, lakini sheria ya mashindano huifanya michoro yote kumi kuwa ya mwandaaji. La nne ni avansi, ambapo mwenye studio hulipia siku za kurekodi, na gharama hiyo hugeuka deni lisiloisha ambalo hulipwa kwa nyimbo zenyewe.

Uzito wa masharti hayo umeongezeka. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulitwaliwa na AFC/M23. Mabenki yalifungwa na mashirika mengi yalipunguza kazi. Mwaka huohuo Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa chanzo kikubwa cha fedha za miradi. Kazi zinapokuwa chache, msanii huogopa kuuliza swali la pili. Ndiyo maana suala la maneno, ambalo lingeweza kuonekana kuwa anasa ya wanaisimu, ni suala la riziki.

3.0 Maneno yanayofunika

3.1 Kuuza na kuuzisha

Katika Kiswahili sanifu, kuuza ni kukitoa kitu kwa bei. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, aghalabu maana hugeuka: anayesema anaenda kuuza chumvi huenda kuinunua, na anayeitoa chumvi kwa bei husemwa kuwa anauzisha. Mofimu ya usababishi -ish- inaeleza jambo hilo vizuri. Mnunuzi ndiye mtendaji, na mwenye bidhaa ni mtu anayesababisha ununuzi utokee.

Tofauti hiyo haiwachanganyi watu sokoni, kwa kuwa chumvi yenyewe ipo mezani na mkono unaoshika fedha unaonekana. Huanza kuwa na madhara inapohamishiwa kwenye kitu kisichoonekana. Karatasi iliyoandikwa Nairobi au Dar es Salaam na kuletwa Goma hutumia kuuza kwa maana moja. Mazungumzo ya barazani hutumia neno hilohilo kwa maana nyingine. Karatasi ya Kifaransa, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, hutumia neno la kisheria lenye maana ya kuhamisha haki, na mfafanuzi wa ofisini hulitafsiri papo hapo kwa kitenzi kilicho karibu: “utatupatia wimbo”, au “utatuachia wimbo”. Kitenzi kuacha kina hatari yake. Mtu humwachia jirani ufunguo hadi jioni. Mtu huacha pia nyumba asiirudie kamwe. Msanii husikia maana ya kwanza, ilhali karatasi imeandika ya pili.

Kuna kasoro iliyo kubwa zaidi. Iwe ni kuuza au kuuzisha, kitenzi hicho kimezoea vitu vinavyoondoka. Nyanya ikitoka kwenye kapu la mwenye kuuzisha, haimo tena. Wimbo hauondoki hivyo. Baada ya kukabidhi rekodi, mtunzi bado anao wimbo kichwani, bado anaweza kuuimba kwenye arusi, na mtu wa tatu anaweza kuuomba. Kinachobadilika ni ruhusa tu: nani aweza kuutumia, wapi, na kwa muda gani. Kwa kuwa kitenzi cha sokoni hakina nafasi ya maswali hayo, maswali hayaulizwi.

3.2 Kihusishi -a

Swali “wimbo huu ni wa nani?” linaonekana kuwa jepesi, kumbe lina majibu matatu yaliyo sahihi kisarufi. Wimbo wa Ebola ni wimbo unaohusu Ebola. Wimbo wa mwimbaji fulani ni wimbo alioutunga au alioimba. Wimbo wa mradi ni wimbo uliolipiwa na mradi. Kihusishi ni kilekile katika mifano yote mitatu, ingawa uhusiano unaotajwa ni wa maudhui katika mfano wa kwanza, wa utungaji katika wa pili, na wa malipo katika wa tatu.

Chukuliwe mfano wa mwanamuziki anayeitwa ofisini ili atunge wimbo wa dakika tatu. Siku ya kwanza wimbo hutajwa kuwa wimbo wako. Baada ya marekebisho ya ujumbe, hutajwa kuwa wimbo wetu. Siku ya uzinduzi mbele ya wageni, msemaji husema wimbo wa mradi. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna siku ambayo uhamisho wa haki ulijadiliwa. Kihusishi kimefanya kazi hiyo kimyakimya, hatua kwa hatua, na mwanamuziki aliyepiga makofi siku ya uzinduzi huonekana kuwa amekubali. Miezi sita baadaye akiusikia wimbo wake katika tangazo la jambo jingine, hujibiwa kwamba wimbo ni wa mradi.

3.3 Msaada na matabishi

Kundi la tatu la maneno huyaficha malipo yenyewe. Fedha ya msanii huitwa msaada, mchango au motivasyo, mara chache ujira. Anayepokea msaada hadai, hushukuru. Anayepewa motivasyo amehesabiwa kuwa mtu wa kujitolea ambaye moyo wake umetiwa nguvu kidogo. Neno la sokoni, matabishi, ambalo ni nyongeza anayopewa mteja baada ya bei kukubaliwa, lina uaminifu zaidi, kwa sababu linakiri kwamba bei ilikwisha kutajwa. Katika masharti mengi ya sanaa mpangilio umepinduliwa: haki zote za matumizi hutolewa kama matabishi juu ya siku mbili za kazi ya studio, na mtoaji hata hajui kwamba ametoa.

4.0 Filamu moja na kitabu kimoja

4.1 “Enjoy Poverty”

Filamu ya Mholanzi Renzo Martens iitwayo “Enjoy Poverty”, iliyotoka mwaka 2008, ni miongoni mwa kazi zilizoligusa suala hili kwa ukali zaidi. Sehemu yake inayohusu mjadala huu inatokea Kanyabayonga, kaskazini ya Goma, mpakani mwa Rutshuru na Lubero. Martens anawakuta wapiga picha wenyeji wanaoishi kwa picha za arusi na sherehe. Anawapigia hesabu ubaoni: picha za furaha huleta senti, picha za vita na njaa huleta madola, na wanaoyachukua madola hayo ni wageni. Anawafundisha namna ya kupiga picha za watoto wenye utapiamlo. Kisha anawapeleka kwa wahudumu wa hospitali ya shirika la kigeni ili waombe ruhusa, nao wanakataliwa, ingawa wapiga picha wa vyombo vya habari vya nje huruhusiwa.

Katika filamu hiyohiyo, mpiga picha wa shirika la habari la kigeni anaulizwa picha ni ya nani, na jibu lake ni kwamba ni ya yule aliyeitunga. Jibu hilo ni sahihi kisheria. Martens analiweka ili lionekane kuwa na ukatili, nalo linao, kwa sababu waliopigwa picha hawana fungu. Lakini mtazamaji wa Katindo ana haki ya kulisikia kwa sikio jingine. Ikiwa picha ni ya aliyeitunga, basi kanuni hiyohiyo inamhusu mpiga picha wa arusi wa Kanyabayonga. Kilichomkosesha soko siyo kukosa umilikaji. Ni kukosa kibali cha kuingia, kitambulisho cha mwandishi wa habari, na mnunuzi. Filamu haiitenganishi vya kutosha haki na soko, na kwa hiyo inaacha fikra kwamba mwenyeji hana cha kulinda.

Kuna udhaifu mwingine, ambao huenda ni wa makusudi. Wapiga picha wale wanaondoka katika filamu bila kitu, ilhali kushindwa kwao kumekuwa kiini cha kazi inayobeba jina la mtu mwingine. Watetezi wa Martens husema kwamba filamu inaonyesha unyonyaji kwa kuurudia. Hoja hiyo ina nguvu kwa mtazamaji wa Amsterdam, ambaye huondoka akiwa na aibu. Kwa mpiga picha wa Kanyabayonga, unyonyaji ulioonyeshwa na unyonyaji uliorudiwa ni siku moja ileile iliyopotea. Ni haki kuongeza kwamba Martens hakuishia hapo. Tangu mwaka 2014 amefanya kazi na CATPC, chama cha wasanii wa mashamba huko Lusanga, ambao mapato ya sanamu zao yametumika kununua ardhi, na ambao kazi zao ziliwekwa katika banda la Uholanzi mjini Venice mwaka 2024. Mfano wa Lusanga unajibu swali ambalo filamu ya 2008 ililiacha wazi: fedha ilirudi pale ambapo wasanii walikuwa na chama chao na jina lao juu ya kazi.

4.2 “Necessary Noise”

Kitabu cha Chérie Rivers Ndaliko, “Necessary Noise”, kilichochapishwa mwaka 2016, kinaihusu Goma moja kwa moja. Mwandishi alifanya kazi pamoja na Yolé!Africa, kituo cha utamaduni kilichoanzishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo. Hoja yake kuu ni kwamba fedha za hisani, hata zinapotolewa kwa nia njema, huigeuza sanaa ya mashariki ya Kongo kuwa chombo cha kupitishia ujumbe uliokwisha kuamuliwa mahali pengine. Msanii huambiwa aimbe amani, lakini haulizwi amani ni nini kwake.

Thamani ya kitabu hiki ni kwamba kinakataa mgawanyo rahisi wa watu wabaya na watu wema. Mwagizaji anaweza kuwa mtu mwungwana, na bado sharti lake likawa la kunyonya, kwa sababu unyonyaji umo katika muundo wa uagizaji na siyo lazima uwe moyoni mwa mtu. Hata hivyo uzito wa kitabu umewekwa kwenye siasa ya ujumbe zaidi kuliko kwenye neno la makubaliano. Mambo hayo mawili hayafanani. Msanii anaweza kuwa na uhuru kamili wa kutunga atakavyo na bado akasaini karatasi inayomnyang'anya wimbo. Anaweza pia kutunga kwa ujumbe wa kuagizwa, kama vile mchora vibao anavyofanya kila siku bila fedheha, na bado akabaki na haki zake. Uhuru wa maudhui na ulinzi wa haki ni mapambano mawili, na ushindi katika moja hauleti ushindi katika jingine. Zaidi ya hayo, kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa wanaozungumziwa hawaitumii. Kazi ya kuyarudisha mawazo yake katika Kiswahili cha Katindo bado inasubiri mtu.

5.0 Ushahidi wa nyimbo na picha

Historia ya muziki wa Afrika ina mifano inayoonyesha gharama ya maneno yasiyotenganishwa. Unaojulikana zaidi ni wa Solomon Linda, aliyerekodi “Mbube” mjini Johannesburg mwaka 1939 na kuziachia haki zake kwa kampuni ya kurekodi kwa shilingi 10. Wimbo huo uligeuzwa na kuenea duniani, hasa katika sura ya Kiingereza iliyovuma mwaka 1961. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Ni mwaka 2006 tu ndipo warithi wake walipofikia mapatano ya kulipwa. Walichokitegemea hakikuwa huruma. Ilikuwa sheria ya hakimiliki ya Dola ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyoagiza kwamba haki zilizotolewa na mtunzi zirudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Neno moja kuhusu muda, lililoandikwa kabla Linda hajarekodi, lilifanya kazi ambayo miongo ya malalamiko haikuifanya.

Kwa upande wa Kiswahili, “Malaika” ni somo la aina nyingine. Umeimbwa na Miriam Makeba, ukarekodiwa na Boney M mwaka 1981, na kwa muda mrefu Fadhili William wa Kenya ndiye aliyetajwa kuwa mwenyewe, huku Adam Salim akidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga miaka ya 1940. Fadhili William alifariki mwaka 2001 na ubishi haukwisha. Hapa kihusishi -a kinaonekana waziwazi: wimbo wa Fadhili kwa maana ya kuurekodi, au wa Salim kwa maana ya kuutunga? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wimbo ni mali inayopotea upesi kuliko mbuzi, kwa sababu kila anayeupenda huondoka nao.

“Jambo Bwana”, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kurekodiwa na Them Mushrooms wa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, unafundisha kuhusu mpaka kati ya mali ya wote na mali ya mtunzi. Maneno yake ni maamkizi ya kila siku. Mwagizaji mjanja huweza kusema kwamba maneno ya namna hiyo ni ya watu wote, kwa hiyo wimbo hauna mwenyewe. Hoja hiyo ni batili. Kilicho cha wote ni msamiati. Kilicho cha mtunzi ni mpangilio, lahani na umbo. Kosa la upande wa pili lilionekana pale kampuni ya Disney iliposajili “hakuna matata” kama alama ya biashara ya nguo. Ombi lilipelekwa mwaka 1994, usajili ukapatikana mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi kupinga. Wasemaji wa Kiswahili walikasirika kwa kuwa msamiati ulikuwa umefanywa kama utunzi. Msanii wa Goma apaswa kuzikataa hoja zote mbili.

Kutoka Kongo yenyewe, mfano wa Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi unastahili kuangaliwa kwa utulivu. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji huyo alimchorea mtaalamu Johannes Fabian historia ya nchi katika picha zaidi ya mia moja, akaieleza kila picha kwa Kiswahili cha Shaba. Picha zilinunuliwa. Lakini kitabu kilichotoka mwaka 1996 kilichapisha picha pamoja na masimulizi ya mchoraji, na kikamtaja kuwa mwenye picha na mwenye masimulizi. Tshibumba hakujulikana alipo baada ya mwanzo wa miaka ya 1980, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema aliridhika. Hata hivyo turubai zilihama na utungaji ukabaki na jina lake. Mtenganisho unaotetewa na makala haya uliwezekana hata mahali ambapo mnunuzi alikuwa na uwezo kuliko mchoraji.

6.0 Maneno yanayotenganisha

Je, Kiswahili kinakosa maneno ya kumlinda msanii? La. Goma yenyewe inayo, ila yanatumika kwa nyumba. Hakuna mwenye nyumba Katindo anayechanganya kupangisha na kuuzisha. Anayepangisha chumba hutaja idadi ya miezi, hupokea garanti, hukataza kubomoa ukuta, na chumba hubaki chake. Anayeuzisha parseli huita mashahidi, huandika hati, na hutaja bei iliyo mbali kabisa na kodi ya mwezi. Mtu akija na fedha ya kodi ya miezi miwili na kudai parseli, watu wa baraza watacheka. Lakini kila wiki msanii hupokea kodi ya miezi miwili na kuitoa parseli.

Kinachohitajika ni kuihamisha sarufi hiyo ya nyumba iwe sarufi ya sanaa. Vitenzi vitatu vyatosha. Mtunzi hutunga: hili halihamishiki. Mtunzi hukabidhi nakala: turubai, rekodi, faili. Mtunzi huruhusu matumizi: na kitenzi kuruhusu, tofauti na kuuza, hudai vijalizo. Kuruhusu nani? Kutumia kwa njia gani, redioni, ukutani au kwenye simu? Wapi? Hadi lini? Kwa kutaja jina la nani? Na akitaka kubadili kitu, atamwuliza nani? Karatasi inayojibu maswali hayo sita kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya mashahidi wawili, ina manufaa kuliko kurasa nane ambazo mmoja wa wahusika hazielewi.

Sheria haiko mbali na vitenzi hivyo. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za mtunzi inamtambua mtunzi kuwa mwenye haki kwa sababu tu ya kuitunga kazi, bila sharti la usajili. Mkataba wa Berne nao, tangu marekebisho ya Roma ya mwaka 1928, unatambua kwamba hata baada ya kuhamisha haki za mapato, mtunzi hubaki na haki ya kutajwa na ya kupinga kazi yake isipotoshwe. Chama cha SOCODA, kilichoidhinishwa mwaka 2011 kuchukua nafasi ya SONECA, kiliundwa ili kuwakusanyia watunzi mapato yao. Lakini Kinshasa ni mbali, na mabadiliko ya 2025 yameufanya umbali huo kuwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo msanii hawezi kuutegemea ulinzi wa baadaye peke yake. Hana budi kujenga ushahidi wake mapema: rasimu zenye tarehe, rekodi ya kwanza ya sauti aliyojitumia mwenyewe, sampuli yenye ubora mdogo kabla ya malipo, na nakala ya kila ujumbe wa makubaliano.

Hoja mbili za kupinga zahitaji jibu. Ya kwanza husema kwamba mwenye njaa hana muda wa vijalizo. Lakini kijalizo ndicho kinachompa nafasi ya kukubali bei ndogo bila kuangamia: fedha kidogo kwa ruhusa ya miezi mitatu ni biashara, fedha hiyohiyo kwa haki zote milele ni hasara. Mwagizaji asiye na fedha za kutosha haambiwi aondoke. Huambiwa kwamba fedha yake inatosha muda fulani. Hoja ya pili husema kwamba wimbo wa kuokoa maisha wakati wa Ebola haufai kuzuiwa na haki za mtu. Ni kweli, na hakuna mtunzi mwungwana angeuzuia. Anaweza kuruhusu utumike bure katika kila redio ya jimbo hadi ugonjwa uishe. Ruhusa pana haihitaji uhamisho wa haki. Anayesema inauhitaji anataka kitu kingine zaidi ya kuokoa maisha.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umejaribu kuonyesha kwamba sharti la kunyonya halianzi kwenye kiasi cha fedha. Huanza pale ambapo kitenzi cha sokoni kinatumiwa kwa kitu kisichoondoka, na pale ambapo kihusishi kimoja kinaachiwa kiseme mambo matatu. “Enjoy Poverty” imeonyesha jeraha lakini ikachanganya haki na soko. “Necessary Noise” imeonyesha muundo wa uagizaji lakini imegusa kidogo neno la makubaliano. Historia ya “Mbube”, “Malaika” na picha za Tshibumba inaonyesha kwamba neno hilo, likiandikwa au lisipoandikwa, huishi kuliko mtunzi.

Walimu wa Kiswahili katika vyuo vya Goma wana kazi inayowahusu hapa. Mtaala hufundisha barua rasmi, risala na kumbukumbu za mkutano. Ungeweza pia kufundisha ruhusa ya matumizi ya kazi ya sanaa, yenye maswali yake sita. Mwanafunzi atakayetoka darasani akijua kuiandika atarudi Katindo akiwa na kitu cha kumpa ndugu yake mchoraji. Na siku mwagizaji atakaposema wimbo ni wa mradi, ndugu huyo ataweza kujibu bila ugomvi kwamba mradi ulipangishiwa tu, na kwamba muda wa upangaji umeandikwa.